Foto ya Bibi Yetu

Ngungu, tarehe 6 Julai 1952

Kwa bwana yangu Albert Kanamugire, kazi ya barabara, Mpofi, Walikale

Nakusalimu sana. Mimi bibi yako niko muzima tangu urudi kazini mwezi wa ine, hakuna ugonjwa. Mvua imeacha, majani ya mulima yameanza kukauka, na ile ngombe yenye doa jeupe kwenye uso imezaa dume. Maziwa iko ya kutosha. Yanayobaki ninauza sokoni.

Papa yako hana ugonjwa mwilini. Lakini siku hizi analala kule juu, kwenye kibanda cha wachungaji, na maziwa ya mukono wangu hanywi tena. Ninapeleka chombo, ninakiacha kwenye mulango wa kibanda. Kesho yake ninakikuta kimejaa vile nilikiacha, maziwa yameganda. Usimuulize. Na mimi usiniulize, tafazali. Nafikiri yatapita.

Wazungu walipita hapa mvua ikiwa haijaacha. Motokari yao ilizama kwenye matope karibu na zizi letu, wanaume wakaisukuma. Walipiga foto, wakaenda.

Kuko neno moja lingine. Sikulisema mapema juu nilitaka kuwa na hakika. Niko na mimba. Njo hiyo habari. Ungekuwa hapa ningekuambia vizuri kuliko hivi.

Ni mimi,
Drocella Mukabaranga


Mpofi, tarehe 27 Julai 1952

Kwa bibi yangu mupenzi Drocella

Barua yako ilinikuta kwenye daraja, niko na matope mpaka magotini. Niliisoma pale pale. Nilipofika mwisho nilipiga kelele, watu wakafikiri nyoka ameniuma. Isidore, ule mutu wa Kibua ninayelala naye nyumba moja, alinishika mikono tukacheza kama watoto, halafu akaenda kutafuta pombe ya ndizi. Anasema kwao mutoto wa kwanza akija, baba anakatazwa kula nyama fulani za pori. Nimemuambia mimi ni Mukristo na pia ni mutu wa ngombe, nyama za pori sizijui. Anacheka tu.

Lakini Drocella, niliposoma mara ya pili nilipotea. Unaniambia mimba, na karibu yake unaniambia Papa hanywi maziwa yako. Hayo mambo mawili yanatembea pamoja, ao kila moja iko na njia yake? Tangu Mama alipokufa ni wewe unamutunza Papa, na kila mara anakusifu mbele ya watu. Mulikosana nini? Unasema nisiulize. Sasa nifanye nini na kichwa changu?

Nimeomba konje, siku chache tu za kuja nyumbani. Bwana wa barabara amekataa mpaka daraja liishe. Nitamuandikia Papa.

Ule wako,
Albert


Ngungu, tarehe 3 Agosti 1952

Kwa Albert Kanamugire, Mpofi

Yesu asifiwe. Mimi Léopold, katekiste wa hapa, ninaandika maneno ya muzee Rukara vile anavyoyasema.

Mwanangu. Nimesomewa barua yako. Niko muzima. Ninalala juu kwa sababu ya chui, anazungukazunguka ndama. Hapana, Léopold, futa hiyo. Mimi si mutu wa kudanganya mutoto wangu. Andika hivi: ninalala juu kwa sababu yangu mwenyewe.

Bibi yetu hana kosa. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyekubali. Nilifikiri nitasahau, sisahau. Nikimuona anatoka nyumba ninageuza uso. Siwezi kunywa maziwa ya mukono wake. Sasa sikiliza: ukipata njia, njoo umuchukue uende naye huko Mpofi. Haifai tubaki kwenye lupango moja, ndani ya ua moja, mimi naye, wewe ukiwa mbali.

Usiniulize nilikubali nini. Léopold ni mutu wa kanisa, sitaki mukono wake uandike hilo.

Furaha ya mimba nimeisikia. Mungu asifiwe.

(Mimi Léopold ninaongeza: nimeandika vile alivyosema. Hata mimi sielewi.)

Baba yako,
Rukara


Mpofi, tarehe 24 Agosti 1952

Drocella

Leo kamyo ya mizigo ilileta bahasha yenye jina langu, imetoka kwa muzungu. Ndani kuko foto. Kwanza sikuwajua watu waliomo. Halafu nikaona kitambaa cheupe cha Papa, na fimbo yake, nikafurahi. Halafu nikaona ni wewe umesimama pembeni yake, karibu kabisa, na mukono wake uko juu ya bega lako. Wewe ambaye hata jina lake hulitaji. Wewe ambaye akipita njiani unasogea kwenye majani.

Nyuma kumeandikwa Kifaransa. Nilipeleka kwa kalani wa buro anisomee. Akasoma: “Muzee Rukara na bibi yake kijana, Ngungu.” Akacheka, akaniuliza, “Kumbe baba yako ameoa tena?” Nilimujibu ndiyo.

Sasa nimekaa na barua zenu zote mbili juu ya kitanda. Wewe unasema nisiulize. Papa anasema alikubali, kosa ni lake, hawezi kukutazama, haifai mubaki lupango moja. Na mimba ulinificha, ukasema ulitaka kuwa na hakika. Hakika ya nini?

Nijibu neno moja tu. Hiyo mimba ni ya nani?

Foto nakurudishia. Siwezi kulala nayo nyumba moja.

Albert


Ngungu, tarehe 9 Septemba 1952

Barua yako imefika. Nimeisoma.

Foto nimeiacha juu ya kiti cha Papa yako. Kuku nimeacha kwa jirani. Mimi ninaenda kwetu.

Usiniandikie.

Drocella, binti ya Mbonigaba


Mpofi, tarehe 21 Septemba 1952

Kwa Madamu Valérie, kwenye shamba la kaka yake, njia ya Sake

Madamu, ninakusalimu kwa heshima. Jina lako na mahali unapokaa nimeyakuta nyuma ya bahasha. Mimi ni Albert Kanamugire, mutoto wa ule muzee wa Ngungu uliyempiga foto siku motokari yako ilizama. Foto ilifika kwangu.

Sikuandiki kwa ubaya. Ninakuandikia juu hakuna mutu mwingine wa kuuliza. Baba yangu hataki kusema. Bibi yangu amerudi kwa wazazi wake. Ule mwanamuke kwenye foto, Madamu, si bibi ya baba yangu. Ni bibi yangu mimi.

Labda kwenu hii ni kitu kidogo. Kwetu bibi ya mutoto wako ni mutu wa heshima kubwa. Hamugusi baba mukwe wake, na baba mukwe hamugusi yeye. Hawakai kiti kimoja. Jina la baba mukwe, bibi halitaji hata akiwa peke yake, na kama kuko kitu chenye jina kama lile, anakitafutia jina lingine. Hatufanyi hivyo juu ya chuki. Ni vile tunavyopendana tukiwa nyumba moja.

Sasa nakuomba unisaidie. Siku ile ulisema nini, na wao walikujibu nini? Nani aliweka mukono juu ya bega? Nani alikuambia ni bibi yake? Niambie hata kama ni vibaya.

Mutumishi wako,
Albert Kanamugire


Njia ya Sake, tarehe 5 Oktoba 1952

Bwana Albert

Mimi iko Madame Valérie. Swahili yangu iko kidogo, wewe samehe. Mimi natoka Ulaya kutembelea kaka yangu, mimi najifunza katika kitabu kidogo ya wageni. Kitabu nasema: mugeni, hapana piga foto ya watu kama mwizi. Kwanza salimia. Kisha uliza muzee ya nyumba. Kisha toa chumvi kidogo. Mimi nafanya yote. Mimi nasalimia. Mimi nauliza, “Muzee, foto iko muzuri?” Yeye nasema ndiyo, yeye nakwenda kuvaa kitambaa nyeupe. Mimi natoa chumvi.

Kisha mimi naona mwanamuke kijana na chombo ya maziwa. Mimi nauliza muzee, na kidole, “Hii iko bibi yako?” Yeye nasema, “Ndiyo, bibi yetu.” Mimi nafikiri: yangu, yetu, iko sawasawa. Mimi nafurahi juu ya muzee na bibi kijana. Mimi naandika nyuma ya foto.

Wao nasimama mbali, yeye huku, yeye kule, kama watu nagombana. Foto hapana muzuri. Mimi nakamata mukono ya mwanamuke, naleta karibu. Yeye narudi. Mimi naleta tena. Mimi nakamata mukono ya muzee, naweka kwa bega. Muzee nakuwa kama muti. Mimi nafikiri, watu ya mulima iko na haya. Mwanamuke naangalia chini, mimi nainua kidevu na kidole yangu. Katika macho kuko maji. Mimi nafikiri ni jua.

Watu mingi iko pale. Wote nacheka. Mimi nafikiri wao nafurahi.

Bwana Albert, juu ya nini hapana mutu nasema “hapana”? Mutu moja tu! Mimi nauliza, wote nasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Sasa barua yako iko hapa na mimi nalia, na kaka yangu nasema hii iko mambo ya shenzi, hapana yako. Mimi najua iko yangu.

Wewe uliza bibi: mimi nafanya nini sasa?

Valérie


Ngungu, tarehe 12 Oktoba 1952

Mwanangu

Léopold anaandika. Leo nimemuambia aandike yote, hata yale yanayoniletea haya.

Mbonigaba alikuja hapa. Hakukaa. Alisimama kwenye mulango wa zizi akasema, “Mutoto wako anamuuliza binti yangu iko na mimba ya nani. Na mimi nimekuja kukuuliza wewe.” Sikuelewa. Nilimuomba arudie, akarudia. Mwanangu, tangu nizaliwe sijasikia neno kama lile. Nilikuwa nimeshika kamba ya ndama, ilinitoka mukononi.

Basi sikiliza, njo hii peke yake niliyokuficha. Ule Madamu aliniomba ruhusa. Unajua tangu tufike kwenye milima hii wazungu wanatuambia simama, beba, leta, ondoka. Huyu aliuliza. Alinisalimia, akaniuliza kama mutu anayeuliza mwenye nyumba. Nilifurahi, Kanamugire. Nilikwenda kuvaa kitambaa changu, nikamupa jina lako na mahali pa kazi yako, nikasema kule foto itafika vizuri. Nilimuonyesha na bibi yetu pia, vile tunavyomuita bibi ya mutoto wetu, juu ninajivuna naye. Njo nilichokubali: kupigwa foto.

Halafu akamuvuta akamuleta kwangu. Akaushika mukono wangu akauweka pale. Nilikuwa nimekwisha kusema ndiyo mbele ya watu, sikujua namna ya kusema hapana kwa mutu aliyeniuliza vizuri. Mukono ule sikuuweka mimi. Lakini sikuuondoa. Nilisikia bega lake linatetemeka na sikuuondoa mpaka Madamu alipomaliza. Kwa sababu hiyo nilipanda juu. Ningekunywaje maziwa yake?

Wewe ulifikiri jambo gani? Mimi, Rukara?

Foto niliikuta kwenye kiti. Ninaiangalia mchana, ninafunika upande wake kwa kiganja. Sikujua kwamba nimezeeka hivi.

Ninapeleka mutamba kwa Mbonigaba. Ngombe hiyo ni ya neno lako, si ya foto. Ya foto nitalipa mwenyewe, sijui bado kwa namna gani. Na wewe usiniandikie tena karatasi. Njoo na miguu yako. Daraja watalimaliza wengine.

Rukara


Ngungu, mulima wa Mbonigaba, tarehe 18 Januari 1953

Kwa Madamu Valérie

Madamu, mimi ni Drocella Mukabaranga, ule mwanamuke uliyemuinua kidevu. Bwana yangu alinipa barua yako niisome, na umeniuliza kitu, kwa hiyo ninajibu. Nimechelewa juu nilizaa. Ni binti, na amefanana sana na bwana yangu, mpaka namna ya kukunja uso.

Acha nikuambie kwanza vile ilivyokuwa.

Bwana yangu alikuja mwezi wa kumi na moja. Alitembea kutoka mahali kamyo ilipokwama, mvua ikimupiga njia yote. Ngombe ya Papa yake ilikuwa imekwisha kufika na ilikuwa inakula majani yetu. Baba yangu alisimama mbele ya nyumba, hakumupa kiti.

“Umefuata nini hapa?”

“Nimekuja kumuona bibi yangu.”

“Hapa kuko binti yangu. Bibi yako sijui alipo.”

Nilikuwa ndani, ninasikia. Nilitoka na barua yake mukononi, ile ya kuniuliza mimba ni ya nani. Nikamupa.

“Soma,” nikamuambia. “Soma kwa mudomo, Baba na Mama wasikie.”

“Drocella, tafazali. Nimekwisha kuelewa. Muzungu ameniandikia, Papa ameniandikia...”

“Mimi niliisoma peke yangu, hakuna mutu alikuwa karibu yangu. Soma.”

Akasoma. Mwanzo alisoma vizuri, habari ya kamyo, habari ya kalani. Akafika kwenye lile neno, akarudi kwenye mustari wa juu. Matone yalikuwa yanaanguka kwenye karatasi, wino ukaanza kutembea. Nilimungojea. Mwisho alilisema, kwa sauti ndogo, na pale nikaona kwamba yeye mwenyewe hajawahi kulisikia. Aliliandika tu. Akakaa chini kwenye matope, akafunika uso.

Mama yangu alilia. Baba akasema, “Muletee kiti.”

Kesho yake akarudi kazini kumaliza daraja. Wakati wa kuzaa alikuwa hapa. Mutoto akipata nguvu tutaenda wote Mpofi. Ninaogopa ule pori, wanasema jua halionekani. Lakini sitaki tena kukaa mahali ambapo mambo ya nyumba yangu yanapita kwenye karatasi. Nimekwisha kumusamehe, nafikiri. Siku zingine anakula mbele yangu na ninamutazama, ninajiuliza ni nani aliyeandika ile barua, juu huyu simuoni akiiandika. Sielewi, Madamu. Labda kukaa pamoja kutanionyesha.

Sasa swali lako. Uliuliza juu ya nini hakuna mutu aliyesema hapana. Nimelifikiri sana hilo. Ulimuuliza Papa, na Papa alikubali foto, basi neno likaisha. Mimi hukuniuliza. Lakini hata kama ungeniuliza, mbele yake ningejibu nini? Na wale watu walikuwa hawafurahi. Kwetu mutu akiona jambo la haya na hana la kufanya, anacheka. Wewe ulifanya vile kitabu chako kilisema, na sisi tulifanya vile tulifundishwa, na bado ikawa hivi. Sijui kosa lilikaa wapi. Nikilishika huku linatokea kule.

Lakini kitu kimoja ninakijua. Ukienda kwa watu wengine, waache wasimame vile wanavyosimama wenyewe. Kama wamesimama mbali mbali, usiwavute. Iko sababu. Na uso wa mutu usiuguse.

Unauliza ufanye nini sasa. Ile foto, kama umebaki na nyingine kama hiyo, usimupe mutu mwingine. Na yale maneno ya nyuma, kama umeyaandika mahali pengine, yafute. Zaidi ya hapo sina cha kukuomba. Sikuchukii. Nilikuchukia, ikapita.

Wiki hii Papa alikuja kumuona mutoto. Tangu siku ya foto hatujakuwa karibu. Alikohoa mbali, kwenye njia, ili nijue ni yeye. Nilimulaza mutoto kwenye mukeka katikati ya nyumba, nikatoka kwa mulango wa nyuma. Yeye akaingia kwa mulango wa mbele. Nilisimama nyuma ya ukuta wa matete, na nikamusikia anamuchukua. Hakumusalimia kama mutu anavyosalimia mutoto. Alianza kumutajia ngombe zake, moja moja, jina lake, mama yake, namna ya pembe zake, ile inayopiga teke, ile aliyopita nayo mutoni siku tulipohamia huku. Alichukua muda mrefu. Mama alikuwa ameweka chombo cha maziwa karibu na mukeka, maziwa niliyoyakamua mimi. Nilisikia anakishika, anakunywa, anakiweka chini.

Halafu akamulaza mutoto pale pale alipomukuta, akatoka. Nikangojea hatua zake ziishe kwenye njia, nikaingia. Mutoto hakulia. Kitambaa alichofungiwa kilikuwa bado na joto la mikono ya Papa.

Ni mimi,
Drocella Mukabaranga